Uliza Mashoto

Tandika, Temeke
14 Septemba 1997

Shangazi yangu Bi Tunu,

Kabla hujafika mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Barua hii usimsomee mtu, wala usimpe binti yako Najma akusomee hata kama miwani imepotea tena. Bora uitafute miwani mpaka kesho. Ukishaisoma, iweke kwenye lile kopo la nyuzi zako, chini kabisa, au uichome. Humu mna mambo ambayo yakitoka nje nitafukuzwa kazi, na atafukuzwa pamoja nami mtu ambaye kosa lake ni huruma tu.

Shikamoo. Natumai hujambo, na magoti yamepoa. Mpe Najma hongera kwa kujifungua salama. Nikipata likizo nitakuja kumwona mtoto. Huku Tandika sie wazima. Maji ya bomba yanatoka Jumanne na Ijumaa, na siku hizo nyumba nzima tunaamka kabla ya adhana. Kofia uliyonishonea nimeipata. Mzee Mfaume, mwenye nyumba wangu, ambaye huuza kofia sokoni hapa, aliigeuza ndani nje akaniuliza, "Nani kashona hii? Uzi wa vitobo vyake umezungushwa kinyume." Nikamwambia ni shangazi yangu aliyenilea. Akasema miaka yote ya biashara hajaona kofia nzuri iliyozungushwa upande huo, akanituma nikuulize.

Sasa niseme. Unaona barua imepigwa chapa. Si majivuno. Nimebaki ofisini saa ya chakula nikaipiga kwa mashine, kwa sababu mkono wangu wa kulia umekataa kuandika.

Nikishika kalamu naandika maneno mawili au matatu, kisha kidole gumba kinajikunja kuingia kiganjani, kiwiko kinapanda, kifundo kinapinda kama shingo ya kuku anayechinjwa, na kalamu inatoboa karatasi. Nikiiweka kalamu chini, mkono unakuwa mzima papo hapo. Nafunga vifungo. Natunga uzi kwenye sindano. Nakula. Hata mashine hii naipiga. Ni kalamu tu, Shangazi. Sasa nani ataniamini? Ulianza katika mfungo uliopita, nikadhani ni uchovu.

Kazi yangu ni ya masjala. Kila barua inayoingia katika Shirika letu lazima iandikwe kwa mkono kwenye rejista kubwa: tarehe, ilikotoka, inahusu nini. Tangu Aprili anayeniandikia ni Filomena, karani mwenzangu ambaye meza yake inatazamana na yangu. Ameiga hati yangu hata mie nikiitazama nadanganyika. Mie nambebea majalada yake ngazini. Hilo ndilo jambo la kuficha.

Na Shirika linauzwa. Mwekezaji ameshakuja mara mbili kupima vyumba. Bwana Theonest, mkuu wetu wa masjala, ametutangazia kwamba kabla orodha ya watakaopunguzwa haijatoka, kila karani ataitwa mbele ya jopo aandike ukurasa mmoja wa rejista kwa mkono wake, wao wakitazama. Siku haijatajwa. "Watakaobaki ni wenye mikono," alisema, akacheka. Mie sikucheka.

Nakuomba dua. Na nakuomba jibu la swali moja, usininyamazie: zamani, kabla hujanipeleka chuoni kusoma Kurani, nilikuwa nashikia vitu mkono upi?

Mwanao,
Badru


Kilwa Kivinje
3 Oktoba 1997

Mwanangu Badru,

Marahaba. Sie hatujambo, magoti ndiyo hayo hayo. Mtoto wa Najma ameitwa Salma, analia kama mnadi samaki. Mbuzi wa jirani amekula mbegu zangu za bamia. Nimemwambia jirani, bamia zikiota tumboni mwa mbuzi ni zangu. Mvua imeanza kunyesha kabla ya zamu yake na redio inasema iliyo njiani ni kubwa zaidi.

Barua nimeisoma mlango umefungwa, joto likanitoa jasho. Lakini mwanangu, barua ya mashine! Aliyewahi kuandikiwa kwa mashine katika nyumba hii ni marehemu mume wangu, siku walipotaka atoke kwenye kiwanja. Niliifungua nikadhani na mie natakiwa nihame.

Mie nilijifunza kuandika nina miaka arobaini na moja, kwenye ngumbaru, dawati moja na wazee wanaosinzia. Vidole viliniuma mpaka nikashindwa kukuna nazi. Sikuumia vile ili nije kusoma mashine. Mkono ukikusumbua andika mistari miwili, nitajua ni yako.

Huo mkono una jicho la mtu. Watu wakisikia kazi zinapungua, macho yanazidi. Nitakwenda kwa maalimu aandike aya kwa zafarani, azioshe ziwe kombe, nikupelekee unywe. Na huyo Filomena ni nani? Mtu hamwandikii mtu tangu Aprili kwa kubebewa majalada tu. Kama ni mchumba sema, tujue tunalia au tunapiga vigelegele.

Swali lako la mwisho limenishangaza. Ulishika kwa mkono wa kulia, kama walivyoshika watu wote wa ukoo wetu.

Shangazi yako,
Tunu binti Mbwana


Tandika, Temeke
28 Oktoba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Usishtuke kwa hati hii. Haikuandikwa na mtoto, wala sikulewa. Unajua pombe sijaionja. Nimeiandika mwenyewe kwa siku nne, mstari baada ya mstari. Isome polepole, kwani na mie nimeiandika polepole.

Jina la Salma ni zuri. Pole kwa bamia. Filomena ana mchumba wake, fundi redio huko Tabata, na ana ulimi. Juzi aliniambia, "Braza, mie nimechoka kuwa mkono wako. Nenda hospitali. Usipoenda, kesho naandika kwenye rejista kwamba umefariki, na kwa hati yako mwenyewe."

Nikaenda. Daktari alinigonga magoti, akanichoma vidole kwa pini, akaniona mzima, akanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Bi Kokuberwa, mama wa Bukoba mwenye viganja vipana. Akaniambia niandike. Mkono ukajikunja mbele yake. Hakucheka. Akasema, "Mkono huu hauna kosa. Kosa liko huku," akanigusa kichwani kwa penseli. "Unafanya kazi ofisini? Basi nikueleze kiofisi."

Nakuandikia alivyosema, kwa sababu tangu siku ile natembea nikiyafikiria. Alisema ubongo haujifunzi kazi ya mkono mahali pamoja. Juu, kwenye gamba lake, kuna sehemu inayotoa amri kwa misuli. Upande wa kushoto wa kichwa huamuru mkono wa kulia, na upande wa kulia huamuru wa kushoto. Huyo ni mkurugenzi. Kisogoni kuna ubongo mdogo. Huo ni mkaguzi: unalinganisha ulichokusudia na kilichotokea, na kalamu ikitoka nje ya mstari unasahihisha amri ya mara ijayo. Halafu ndani, katikati, kuna viini vinavyotunza mazoea. Huyo ni tarishi mkongwe. Mwanzoni mkurugenzi humwelekeza kila kona, lakini baada ya miaka humwambia "peleka" tu, naye anaijua njia yote. Ndiyo maana mtu mzima haandiki herufi moja moja kwa kuiwaza.

"Sasa tarishi wako," akasema, "kapita njia moja mara nyingi mno mpaka kachanganyikiwa. Anapewa barua ya kidole kimoja, anagonga milango yote mitano. Na huko juu vyumba vya vidole kuta zake zimelika, kidole hiki kinaingia kwa mwenzake." Nikamuuliza mbona nakula vizuri. "Kula ni njia nyingine. Hiyo hajaipoteza." Akaongeza kwamba mabingwa wenyewe bado wanabishana, na kwamba haya ndiyo wanayoyaona mpaka leo.

Kisha akaihamisha kalamu. "Jaribu na kushoto."

Nilitazama mlango kwanza, Shangazi. Nilitazama kama mwizi. Nikaandika jina langu. Herufi ziliyumba, lakini tumbo la B lilikuwa tumbo la B yangu, na mkia wa u ulikwenda pale pale ninapoupeleka siku zote. Bi Kokuberwa akazungusha kidole juu ya jina. "Unaona? Umbo la herufi halimo kwenye vidole. Lipo juu, linangoja mkono wa kulibeba. Huu wa kushoto unahitaji kufundishwa njia tu." Akaushika, akaugeuza. "Ila huu mkono si mgeni sana. Uliwahi kuutumia?"

Hapo nikakumbuka kitu. Nimekaa jamvini chuoni, ubao uko magotini, na mkono wangu wa kushoto umefungwa kiunoni kwa ukanda wa kanga. Ukanda ulichanwa kwenye maandishi, limebaki neno moja: SISEMI. Nilikuwa sijui kusoma bado, lakini nililitazama siku nyingi mpaka nikalijua. Ndilo neno la kwanza nililosoma maishani. Na nje ya chuo watoto waliniimbia "Mashoto! Mashoto!" mpaka ukatoka na fimbo ukawatawanya.

Nilimwuliza Bi Kokuberwa kama ugonjwa umetokana na kule kufungwa. Akasema, "Hilo sijui, na atakayekwambia anajua anakudanganya. Wako wengi waliobadilishwa mkono wakaandika mpaka uzeeni. Na wako wa kulia tangu kuzaliwa waliopatwa na haya." Kwa hiyo sikuulizi ili nikulaumu. Nauliza kwa kuwa nataka kuujua mkono wangu.

Mwanao,
Badru


Kilwa Kivinje
16 Novemba 1997

Badru,

Nimepokea karatasi iliyopitiwa na kuku.

Sie wazima. Salma amepata surua, amepona.

Ulikuwa na jipu kidoleni. Nilikufunga ili usilitoneshe. Watoto husema mengi, na wewe ulikuwa mtoto. Mkono wa kushoto una kazi zake na unazijua; haupokei, hautoi, hauandiki jina la Mungu wala barua ya shangazi. Nilikulea watu wakikutazama, kila siku wakikutazama, na sikukulea ili ukakae mjini uniandikie kwa mkono huo.

Chupa ya kombe anayo Mwinshehe wa basi. Kunywa kwa siku tatu. Ukitaka kuniandikia tena andika kwa mkono wa kulia, hata iwe mstari mmoja, hata iwe salamu tu. Ukishindwa, usiniandikie.

Kofia mwambie Mfaume kofia ni kofia.

Tunu binti Mbwana


Tandika, Temeke
10 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo, na pole kwa ugonjwa wa Salma. Kombe nimelinywa siku tatu, chupa nimeishika kwa mkono wa kulia, na dua zake nimezipokea. Nakuheshimu kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini barua hii naiandika kwa mkono wa kushoto, na ijayo pia nitaiandika kwa mkono wa kushoto. Ukiichoma bila kuisoma, utakuwa umechoma ya mwanao.

Naogopa, hilo sikufichi. Naogopa Bwana Theonest akipita nyuma ya kiti changu. Naogopa hata hodi ya mfagiaji. Lakini nimeona kwamba woga wangu ulikuwa na mikono miwili yote, na mie sina hata mmoja, nikasema basi. Nimemwambia Filomena asiandike tena neno langu. "Utafukuzwa wewe," akasema. Nikasema, "Nitafukuzwa kwa hati yangu." Akanitazama kama mtu anayesoma barua ya msiba, kisha akacheka: "Haya, Mashoto." Nilidhani neno lile litaniuma. Halikuniuma.

Asubuhi naandika robo saa, jioni robo saa. Bi Kokuberwa alinikataza kuzidisha. Anasema ubongo huendelea na kazi mtu akilala, na ni kweli, kwani mstari unaonishinda jioni mara nyingi asubuhi nauweza. Anasema pia nisifute. Nilikuwa nafuta kila herufi mbaya kwa aibu. "Ukifuta unamnyima mkaguzi kazi," aliniambia. "Ubongo mdogo unajifunza kwa makosa. Mwachie ayaone." Kwa hiyo nina daftari zima la makosa, nimelipa tarehe ukurasa kwa ukurasa, na siku hizi nalipenda. Nimegundua kwamba nikiinamisha karatasi upande wa kulia, kiganja hakipangusi wino.

Siku imetajwa: Jumatano, tarehe 11 Februari. Yapo majuma tisa. Baraka zako nazihitaji, ila sikuombi tena ruhusa.

Mwinshehe anasema barabara imeoza huko Rufiji, na mabasi yanalala njiani siku nne. Sijui barua hii utaisoma lini.

Badru


Tandika, Temeke
25 Januari 1998

Shangazi,

Shikamoo. Sina jibu lako, na basi la Kilwa halijafika tangu mwezi uliopita. Gazetini kuna picha ya daraja lililobebwa na maji kama sinia. Niambie kama nyumba imesimama. Niambie hata kwa mashine.

Tumefunga salama. Wakati wa kufuturu kwa Mzee Mfaume nakula kwa mkono wa kulia kama ulivyonifunza, na hilo sina ugomvi nalo. Lakini juzi alitaka orodha ya watu wa kupewa sadaka, nikatoa kalamu nikaandika mbele ya wageni wake wote. Mzee mmoja akasema, "Astaghfirullah." Mzee Mfaume akaichukua karatasi, akaisoma, akamjibu, "Majina yanasomeka, sheikh. Lako ni la tatu."

Nafika mwisho wa ukurasa bila kupumzika sasa. Polepole, lakini nafika.

Badru


Kilwa Kivinje
27 Desemba 1997

Mwanangu,

Hii sijui itapita wapi. Nampa Mwinshehe aiweke kifuani, akae nayo mpaka barabara ikubali. Ukuta wa jikoni umeanguka, mie na Najma na mtoto hatukuwa ndani. Alhamdulillah.

Barua yako ya tarehe kumi nimeipata. Nilikuwa niichome. Nikaishika, nikaona umeandika jina langu juu ya bahasha, na ile T imelala upande mmoja, imeegemea kama mtu anayengoja. Nikaijua.

Funga mlango, na wewe.

Jipu halikuwapo. Kanga ilikuwa yangu. Nilikufunga siku arobaini, na jioni nikikufungua ulikuwa ukiuramba mkono kama paka, nami nikienda uani nisione.

Nilipokuwa kigoli walikuja watu kunichumbia. Mama akaniambia nitilie wageni kahawa. Nikatilia kwa mkono uliokuwa karibu na akili yangu. Mama wa yule kijana akakiweka kikombe chini, hakunywa, na hawakurudi. Mama yangu, bibi yako, akanikandamiza vidole vya mkono huo kwenye mchanga wa moto siku saba. Alama unazijua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiniuliza, nikakwambia ni mafuta ya maandazi. Kisha kaka yangu akafa akaniachia wewe, na siku ya pili tu nikakuona umeokota kokwa la embe kwa mkono ule ule. Nilihisi mchanga ukinichoma upya. Nikasema huyu simchomi. Huyu nitamfunga tu. Nilijiona mpole.

Kwenye ngumbaru niliandika kwa mkono wa kulia, ndiyo sababu hati yangu mbaya, nawe ulidhani ni uzee. Lakini sindano, Badru, sindano haikukubali. Kila kofia niliyoshona nimeishona kwa kushoto, mlango umefungwa, na wewe ulidhani nafunga kwa ajili ya vumbi. Mfaume ana macho. Miaka hii yote wanaume wa Kivinje wanaswali na mkono wangu wa kushoto kichwani, na hawajui.

Maneno yako ya tarishi nimemsomea Najma bila kusema ni ya nani. Mie nina tarishi wawili, mmoja wa kalamu na mmoja wa sindano, na hawajawahi kusalimiana.

Hiyo kofia uliyofungiwa ni ya kwenda nayo kwa hao watu. Jina langu hapa chini nimeliandika kwa huo mwingine. Ni mara ya kwanza. Usimwonyeshe mtu. Au waonyeshe, mie nimeshakuwa bibi.

TUNU BINTI MBWANA


Tandika, Temeke
8 Machi 1998

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako ya Desemba nimeipata tarehe 28 Februari. Mwinshehe kaniletea yeye mwenyewe, matope mpaka magotini, karatasi imenyonya jasho lake lakini kila neno linasomeka. Kofia ilikuwa imefungwa kwenye kipande cha kanga ya zamani iliyopauka. Nilikikunjua mbele ya Mzee Mfaume. Kimeandikwa NAONA, na ukingo wake umechanwa pale SISEMI ilipoanzia. Sikuweza kumweleza mzee kwa nini nimekaa chini.

Nimefurahi kwamba mko salama. Mwezi ujao nitakuja tuujenge huo ukuta.

Kofia ilichelewa siku kumi na saba. Kwa hiyo sikuivaa mbele yao. Lakini ile ya kwanza nilikuwa nayo, na sasa najua niliingia na nani.

Walikuwa watatu nyuma ya meza, Bwana Theonest amesimama pembeni. Wakanipa barua ishirini na ukurasa mtupu wa rejista, nusu saa. Nikainamisha rejista upande wa kulia, nikashika kalamu kwa kushoto. Yule wa katikati akasema, "Kijana, tumia mkono wa heshima."

Nikasema, "Huu ndio unaoandika, mzee."

Bwana Theonest akacheka puani. "Huyu anatuigizia. Mkono wake wa kulia mzima, leo asubuhi kanywa chai nao."

Niliandika. Kwa muda nilimsikia mkurugenzi wangu akipiga kelele kila herufi, kisha barua ya sita au ya saba akanyamaza, nikawa nasoma na mkono unakwenda. Sijui nikuelezeje. Ilikuwa kama siku ile mtoto anapogundua kwamba aliyekuwa amemshikilia ameshamwachia zamani, na bado anatembea.

Wakasema muda umekwisha. Zilibaki barua mbili.

Nikasema, "Naomba nimalize."

"Muda umekwisha!"

"Nimesikia," nikasema, nikaendelea kuandika. Nilimaliza ya ishirini, nikakausha wino, nikawapa rejista kwa mikono miwili, kama ulivyonifunza kumpa mkubwa kitu.

Yule wa katikati akafungua kurasa za nyuma, akaweka kidole. "Hii ya Agosti nani kaandika? Si mkono huu."

Nilijua swali litakuja. Filomena alikuwa kwenye foleni nje ya mlango, na mlango ulikuwa wazi. Nikasema, "Andikeni kwamba Badru alipata maradhi ya mkono akaogopa kusema. Kosa ni la kuogopa, na ni langu. Jina jingine sina."

Bwana Theonest akasema jina lipo na atalipata. Nikamwambia, "Tafuta, bwana. Hati zote ni za Badru." Na hapo hakuweza kitu, maana Filomena aliniiga vizuri mno. Aliingia baada yangu akaandika ukurasa wake kwa hati yake mwenyewe, ya mviringo kama maandazi, na amebaki kazini. Siku ya Jumamosi alikuja na mchumba wake kuniletea kiti.

Kiti ni cha kazi, kwa sababu mie jina langu lilikuwa la kwanza kwenye orodha ya waliopunguzwa. Nilililia siku moja. Siku ya pili nilimwomba Mzee Mfaume meza yake ya kupangia kofia, nikaiweka mbele ya Mahakama ya Mwanzo, hapa hapa Temeke, na juu yake nikaweka kalamu na karatasi. Naandikia watu barua, maombi na fomu za mirathi. Ningeweza kutafuta mashine ya chapa, nikafichama nyuma yake. Sitaki.

Mteja wa kwanza, mama mmoja wa Mtoni, aliona mkono akainuka. "Barua ya mwanangu haiandikwi na mkono huo!" Nikamwambia, "Nenda salama, mama. Ukirudi nipo." Alizunguka kwa waandishi wengine wawili, akarudi akakaa. "Haya andika," akasema, "lakini mwambie kwamba mie nilikuwa natazama pembeni." Nikaandika na hilo.

Bi Kokuberwa amekuja kuniona. Anasema tarishi mpya anazoea, na huyu tusimtume njia moja mchana kutwa. Kila saa nisimame nikanywe maji. Mkono wa kulia anasema tuupumzishe, labda siku moja utarudi, labda hautarudi. Sina haraka nao. Anakutumia salamu, na anauliza kama anaweza kukutazama ukishona. Nimemwambia nitauliza. Mlango ni wako.

Sasa sikiliza jinsi ya kunipata. Usiandike tena kwa sanduku la posta la Shirika, kwani barua zangu huko zinafunguliwa. Bahasha iandike hivi: Badru, kwa Mzee Mfaume, muuza kofia, Soko la Tandika, Temeke, na umpe Mwinshehe mkononi. Iandike kwa mkono wowote ule. Kama utakuja mwenyewe barabara ikikauka, usiteremke mjini, teremka Mtoni, uulize njia ya kwenda Mahakama ya Mwanzo. Utaona mwembe, pita, wala si hapo. Utaona meza tano zimepangwa ukutani kwenye kivuli cha asubuhi. Ukiulizia Badru, watakwambia hawamjui, na hawatakuwa wanadanganya. Uliza Mashoto. Uliza kwa sauti, Shangazi, usione haya, nami nitakusikia, nitasimama.

Badru